Maswali ya Wasomaji: Mliberali Ni Mtu wa Namna Gani?

Safu ya toleo hili tumeitengea barua zilizotufikia kuhusu uliberali. Tulipozisoma kwa pamoja tuliona kwamba walioziandika walikuwa wakizungumzia mambo matatu au manne yaliyo mbali mbali kwa jina moja, na kwamba wengine walikuwa wakilaumu kile ambacho wenzao walikuwa wakikisifu. Majina hatukuyachapisha.

Ndugu Mhariri, mimi nafundisha somo la uraia katika shule ya sekondari. Katika mijadala ya hapa nchini nasikia uliberali mamboleo ukilaumiwa kwa kuuza mashirika ya umma na kuwaachia wenye fedha kila kitu. Nikifuatilia habari za Marekani, nakuta waliberali ndio wanaotaka serikali iwatoze matajiri kodi zaidi na iwalipie maskini matibabu. Wanafunzi wameniuliza uliberali wa kweli ni upi, nami nimewaahidi jibu. Mwalimu, Morogoro.

Mwalimu, wote hao ni watu wa ukoo mmoja, na ugomvi wao ni wa kugombea urithi. Kinachowaunganisha ni shaka juu ya mamlaka. Mliberali huanza na mtu mmoja mmoja kabla hajalifikia taifa, tabaka, kabila au chama, na humwona mtu huyo kuwa na haki ambazo hakupewa na serikali, na ambazo kwa hiyo serikali haiwezi kumnyang'anya itakavyo. John Locke aliliandika wazo hilo Uingereza mwishoni mwa karne ya 17, akidai kwamba mamlaka ya watawala hutokana na ridhaa ya watawaliwa, na kwamba kazi yao ni kulinda uhai, uhuru na mali za watu. Katika shaka hiyo ndimo yalimokulia mengi ambayo leo tunayaona ya kawaida katika katiba: bunge, serikali na mahakama kutenganishwa, mtu kuabudu apendavyo, gazeti kuchapishwa bila kupitia mikononi mwa mkaguzi wa serikali, na mshitakiwa kufikishwa mbele ya hakimu badala ya kuozea mahabusu. John Stuart Mill, katika kitabu chake kuhusu uhuru kilichotoka mwaka 1859, alikwenda mbali zaidi. Kwake yeye, jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima kufanya au kuacha jambo kwa hoja kwamba ni kwa faida yake mwenyewe; inaweza kumzuia pale tu anapotaka kuwadhuru wengine.

Ugomvi ulianza pale walipojiuliza ni nani hasa anayetishia uhuru. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 waliberali walimwona adui huyo katika mfalme, mtoza ushuru na kanisa la dola, hivyo wakataka serikali ndogo na biashara huria. Lakini kufikia mwisho wa karne hiyo miji ya viwanda ya Uingereza ilikuwa na watu wengi wenye haki zote za kisheria ambao wakiugua wiki moja watoto wao walilala njaa. Baadhi ya waliberali wakaona kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kumkatalia mwajiri wake jambo lolote, na kwamba uhuru wake upo kwenye karatasi tu. Serikali ya chama chao ilichukua hatua: mwaka 1908 ilipitisha sheria ya pensheni kwa wazee waliofikisha miaka 70, mwaka 1909 David Lloyd George, akiwa waziri wa fedha, alipeleka bungeni bajeti ya kuongeza kodi kwa wenye mapato makubwa na wenye ardhi, mwaka 1911 ikaja bima ya taifa kwa wafanyakazi wanaougua na, katika baadhi ya sekta, wanaokosa kazi. William Beveridge, ambaye ripoti yake ya mwaka 1942 iliweka msingi wa huduma za jamii za Uingereza baada ya vita, alikuwa mliberali vilevile. Marekani ilifuata njia inayofanana na hiyo chini ya Franklin Roosevelt kuanzia mwaka 1933, na sheria yake ya hifadhi ya jamii ni ya mwaka 1935. Waliberali unaowasikia katika habari za huko ni warithi wa tawi hili.

Tawi la pili halikukubali. Wachumi kama Friedrich Hayek na Milton Friedman walishikilia kwamba serikali inayopanga uchumi na kugawa neema itaishia kupanga maisha ya watu pia, na kwamba soko huria ndiyo ngao ya uhuru. Mawazo ya namna hiyo yaliingia katika masharti ya mikopo ya Shirika la Fedha la Kimataifa katika miaka ya 1980. Tanzania ilifikia makubaliano na shirika hilo mwaka 1986, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, na katika muongo uliofuata yakabinafsishwa mashirika mengi ya umma. Hicho ndicho wasomi wetu, Profesa Issa Shivji akiwa mstari wa mbele, wanachokiita uliberali mamboleo, na nyingi kati ya lawama zao naziona zina msingi. Hata hivyo ingefaa wanafunzi wako waone kwamba soko huria na siasa huria si lazima ziandamane. Augusto Pinochet alitwaa madaraka nchini Chile kwa mapinduzi ya mwaka 1973, akaufungua uchumi kwa ushauri wa wanauchumi waliosomea Chicago, na wakati huohuo akawafunga, akawatesa na kuwaua wapinzani wake kwa maelfu. Mtu anayemsifu Pinochet kwa bei na mitaji, na kuyanyamazia magereza yake, anaweza kuwa mtetezi wa soko, lakini mliberali wa siasa hayumo ndani yake.

Kwa kazi ya darasani ningependekeza Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka, nayo Ibara ya 43 inampa haki ya afya, makazi, chakula, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu. Waulize wanafunzi kama ibara zote mbili zinahusu uhuru, au kama ya pili ni ahadi ya matumizi ya serikali iliyovikwa joho la haki. Darasa litagawanyika palepale walipogawanyika waliberali zaidi ya miaka 100 iliyopita, na watakaobishana watakuwa na hoja pande zote mbili.

Kama watu wengi wamekubaliana juu ya jambo, majaji au kikundi cha watu wachache wana haki gani ya kulipinga? Demokrasia niliyoijua mimi ni wengi wape. Msomaji, Dodoma.

Ndugu yangu, mliberali naye anakubali kwamba wengi wapewe: wapewe bunge, wapewe serikali, wapewe bajeti. Anachokataa ni kwamba wapewe kila kitu, hata haki ya wachache kuwapo, kusema na kujaribu siku moja kuwa wengi. Mfano mzuri kuliko yote niijuayo uko katika historia yetu wenyewe, na nashangaa kwamba hatuusimulii mara kwa mara.

Mwanzoni mwa mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili kukusanya maoni ya wananchi: nchi ibaki na chama kimoja au iruhusu vyama vingi? Tume ilizunguka nchi nzima, Bara na Visiwani. Kati ya waliotoa maoni, takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wao walitaka kirekebishwe, na mmoja hivi kati ya watano akataka vyama vingi. Kwa hesabu ya wengi wape, kazi ilikuwa imekwisha. Tume ikapendekeza vyama vingi. Miongoni mwa hoja zake ilikuwamo hii, kwamba watu wa kiasi hicho hawawezi kupuuzwa katika nchi iliyo yao pia. Tazama jinsi hoja hiyo ilivyo sahihi kwa mantiki ya kiliberali: chini ya vyama vingi, wale wanne walioipenda CCM hawakupoteza chochote, kwa kuwa walibaki huru kuipigia kura, na kwa kweli waliipigia, lakini chini ya chama kimoja yule wa tano hakuwa na pa kwenda. Mwalimu Nyerere naye, aliyeujenga mfumo wa chama kimoja, aliunga mkono kuuacha. Katiba ikabadilishwa mwaka 1992.

Tume hiyo ilifanya jambo jingine ambalo limesahaulika zaidi. Ilitaja sheria 40 zilizopaswa kufutwa au kurekebishwa kwa sababu zilibana haki za watu, ikiwamo Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, iliyomwezesha Rais kumweka mtu ndani bila kesi, na Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976. Vyama vingi vilikuja upesi. Orodha ile ya sheria ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga: Sheria ya Magazeti ilidumu hadi mwaka 2016, na iliyochukua nafasi yake nayo ililalamikiwa na waandishi wa habari tangu siku za mwanzo.

Kuhusu majaji, hapo Dodoma ndipo Mchungaji Christopher Mtikila alipofungua kesi yake mwaka 1993 katika Mahakama Kuu, akidai kwamba mikutano ya hadhara haipaswi kusubiri kibali na kwamba raia anastahili kugombea uongozi bila kudhaminiwa na chama. Jaji Kahwa Lugakingira alimpa ushindi katika yote mawili mwaka 1994. Serikali ikabadilisha Katiba ili kuufunga mlango wa mgombea binafsi. Mtikila akarudi Mahakama Kuu na kushinda tena mwaka 2006, akashindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka 2010, kisha akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, ambayo tarehe 14 Juni 2013 iliamua kwamba Tanzania ilikuwa imevunja haki zake. Katika uchaguzi wa mwaka 2020, hata hivyo, mgombea bado alilazimika kupitia chama.

Nimemtaja Mtikila kwa makusudi. Hotuba zake dhidi ya Watanzania wenye asili ya Asia zilikuwa kali na za ubaguzi, na hakuna mliberali ambaye angezitia saini. Pamoja na hayo, haki aliyoipigania mahakamani kwa miaka 20 ilikuwa ya kila raia, wakiwamo haohao aliowatukana majukwaani, na jaji aliyempa haki hakuulizwa kama anampenda. Mtu akitaka kujijua kama ni mliberali, asijipime kwa uhuru anaowatakia marafiki zake.

Nafanya kazi katika ghala hapa Dallas, Texas. Wenzangu wa kazini wakisema fulani ni mliberali wanasema kama tusi, lakini Mwaustralia mmoja aliniambia kwao chama cha Liberal ndicho cha wahafidhina. Je, alikuwa ananitania? Msomaji, Dallas.

Hakukutania. Chama cha Liberal cha Australia kiliasisiwa na Robert Menzies katikati ya miaka ya 1940 ili kukabiliana na chama cha wafanyakazi, na mpaka leo kiko upande wa kulia. Japani pia, chama kilichotawala kwa muda mrefu zaidi tangu mwaka 1955 kina neno hilo katika jina lake ilhali ni cha kihafidhina. Hapo ulipo neno hilo hutumika kumtaja mtu wa upande wa Democratic anayetaka serikali iwasaidie wanyonge na isiingilie mambo ya faragha. Wengi wa wanaolitumia kama tusi, hata hivyo, watakuwa wa kwanza kuidai katiba yao pale polisi watakapotaka kupekua nyumba zao bila hati, na wakati huo watakuwa wakizungumza lugha ya Locke bila kujua.

Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu ninayejitahidi kushika dini yangu. Naambiwa kuwa mliberali ni kukubali kila kitu, pamoja na ushoga, na kuiondoa dini katika maisha ya watu. Mtu wa dini anaweza kuwa mliberali? Msomaji, Mombasa.

Wa alaykum salaam. Anaweza, na waliotangulia wengi walikuwa watu wa dini. Waraka wa Locke juu ya kuvumiliana ulichapishwa mwaka 1689, katika bara lililokuwa limechoshwa na vita vya madhehebu, na hoja yake kuu ilitoka ndani ya imani yake: ibada ya kulazimishwa haimfai anayelazimishwa wala haimpendezi Mungu. Wewe utaikumbuka aya ya 256 ya Sura ya Al-Baqara, isemayo kwamba hakuna kulazimisha katika dini. Locke mwenyewe, lazima niseme, alishindwa kufika mwisho wa hoja yake, kwa kuwa uvumilivu huo aliwanyima wasioamini Mungu.

Jinsi jambo hili linavyofanya kazi waweza kuliona hapo kwenu. Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya inaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka katika mambo ya hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa na mahakama hiyo. Mliberali hana ugomvi na Kadhi. Sharti lile la kukubali ndilo analolishikilia, kwa sababu bila hilo mtu angefungwa na hukumu ya dini kwa kuzaliwa tu.

Kuhusu ushoga, sitazunguka. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ilisema kwamba mamlaka ya kuratibu mashirika yasiyo ya kiserikali ilikosea kukataa kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Haikuvifuta vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyoyafanya matendo ya ushoga kuwa kosa, wala haikusema kwamba matendo hayo ni mema. Ilisema kwamba haki ya kujiunga pamoja ni ya kila mtu. Hivyo ndivyo mliberali anavyofikiri: kukuruhusu si kukupongeza. Unaweza kuamini kwamba jambo ni dhambi, ukalihubiri msikitini, ukawalea wanao katika imani hiyo, na ukabaki mliberali. Usichoweza ni kumtaka polisi aingie katika nyumba ya mtu mzima asiyemdhuru mwingine. Ukiona kwamba hapo huwezi kufika, basi katika jambo hilo wewe si mliberali, na kusema hivyo si kukutukana. Wako watu wengi waadilifu wanaoamini kwamba jamii ina haki ya kulinda maadili yake kwa sheria, nao wana hoja zao.

Hizi si fikra za Wazungu, tena za watu waliotutawala? Msomaji, Kampala.

Una kila sababu ya kuuliza. Locke alikuwa mwenye hisa katika Royal African Company, iliyofanya biashara ya watumwa. Mill aliajiriwa na kampuni ya Kiingereza iliyoitawala India tangu mwaka 1823 hadi 1858, na katika kitabu kilekile cha uhuru aliandika kwamba kanuni yake haiwahusu watu wa jamii alizoziona kuwa bado changa, ambao kwao udikteta ulifaa ikiwa nia ni kuwaendeleza. Uganda yenyewe ilitangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1894 na serikali ya chama cha Liberal, Lord Rosebery akiwa waziri mkuu. Waliokuwa wakikataa mfalme atawale bila ridhaa ya watu kwao hawakuona tabu kutawala kwetu bila ridhaa ya mtu yeyote.

Lakini fikra ikishatoka haina mlinzi mlangoni. Hapohapo Kampala, katika miaka ya 1940, mwanafunzi wa Makerere aitwaye Julius Nyerere aliandika insha akitumia mawazo ya Mill kuzungumzia kudhulumiwa kwa wanawake katika jamii yake ya Wazanaki. Miaka kumi na kitu baadaye alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai ridhaa hiyohiyo ambayo Mill asingewapa Watanganyika. Kisha, mara baada ya uhuru, serikali yake ikatunga ile sheria ya kizuizini ya mwaka 1962 niliyoitaja, na Tanganyika ikapata uhuru bila kuwa na sura ya haki za binadamu katika katiba yake. Ilingojewa hadi mwaka 1984. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba nchi changa haimudu mambo hayo, na sioni inavyotofautiana sana na ile ya Mill.

Kwa hiyo nikuulize juu ya jambo la karibu. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba raia wasishitakiwe katika mahakama za kijeshi, na kabla mwaka haujafika katikati Bunge lilikuwa limeshapitisha sheria ya kuwarudisha humo katika makosa fulani. Familia ya mtu anayeletwa mbele ya maofisa wa jeshi kwa kosa la kiraia inadai kitu gani cha Kizungu inapotaka jaji asiyepokea amri?

Nipigie kura chama gani Tanzania kama mimi ni mliberali? Msomaji, Shinyanga.

Kura ni yako. Ninachoweza kukueleza ni kwamba CUF, yenye kaulimbiu ya Haki Sawa kwa Wote, iliwahi kujiunga na umoja wa kimataifa wa vyama vya kiliberali. CHADEMA ilijiunga na ule wa vyama vya mrengo wa kati kulia. ACT-Wazalendo, kwa Azimio la Tabora la mwaka 2015, ilijitangaza kuwa mrithi wa ujamaa. Majina hayo hayatakusaidia sana, kwa sababu vyama vyetu hujengwa zaidi juu ya viongozi na majimbo kuliko juu ya itikadi. Wagombea watakapokuja kuomba kura, waulize kuhusu mgombea binafsi, mikutano ya hadhara, magazeti na muda wa mtu kukaa mahabusu kabla ya kesi, na uwaulize hasa wale wanaotarajia kushinda.